Uzio Tunajenga Sisi au Wanajenga Wao? Ufafanuzi wa Neno “We” la Kiingereza

Mzee mmoja wa Mikindani, mwenye shamba la mikorosho linalopakana na barabara, aliniletea barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza na kampuni iliyotaka kukodi sehemu ya ardhi yake. Mjukuu wake wa kidato cha tatu alikwisha kumsomea, na sentensi iliyomsumbua ilikuwa moja tu: “When we met, we agreed that we would fence the area.” Kijana aliifasiri bila kosa lolote la sarufi: “Tulipokutana, tulikubaliana kwamba tutajenga uzio kuzunguka eneo hilo.” Mzee alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Sasa mwalimu, huo uzio tunajenga sisi au wanajenga wao?”

Sikuwa na jibu la haraka. Sentensi ile ina maneno kumi na moja, na ndani yake “we” imetokea mara tatu. Mbili za mwanzo hazina utata, kwa kuwa mtu hakutani wala hakubaliani na nafsi yake, kwa hiyo mzee lazima awemo pamoja na wageni wake. Ya tatu ndiyo yenye shida. Inaweza kuwa ni mzee pamoja na kampuni, wakichangia nguzo, waya na vibarua. Inaweza pia kuwa ni kampuni peke yake, kwa sababu aliyeandika barua ni kampuni na “we” ni namna yake ya kujitaja. Kiingereza kinaruhusu tafsiri zote mbili katika sentensi ileile, tena bila koma wala nukta ya kumwonya msomaji kwamba watu wanaotajwa wamebadilika njiani.

Vitabu vya shule huliweka neno hili katika jedwali na kumaliza habari yake hapo: “I” ni nafsi ya kwanza umoja, “we” ni nafsi ya kwanza wingi. Jedwali hilo linatosha kwa mtihani, lakini linaficha jambo la msingi. Korosho moja ukiiongezea nyingine utapata korosho mbili, na zote mbili ni korosho. Mimi nikiongezewa mtu wa pili, hatuwi “mimi” wawili, kwa kuwa anayesema ni mmoja na mwingine ni mtu anayesemewa. Ukiacha kwaya, kiapo cha pamoja na washangiliaji uwanjani, ni nadra sana “sisi” kutoka katika vinywa viwili kwa wakati mmoja. Karibu kila mara ni mtu mmoja anayesema kwa niaba yake na ya wengine, na wengine hao hakuwataja majina, na pengine hawajui kabisa kwamba wamesemewa. Kwa hiyo “we” si wingi wa “mimi” kama “nyumba nyingi” zilivyo wingi wa nyumba moja. Maana yake ni “mimi na fulani”, na huyo fulani ameachwa bila kutajwa.

Fulani huyo anaweza kuwa wewe unayesikiliza. Anaweza kuwa mtu mwingine ambaye hayupo, nawe ukawa umeachwa nje. Anaweza kuwa wewe pamoja na yule mwingine. Kuna lugha ambazo haziruhusu msemaji akwepe jambo hili. Jirani yetu wa ng’ambo ya Mlango wa Msumbiji, Kimalagasi cha Bukini, yaani Madagaska, ana maneno mawili mahali ambapo sisi tuna moja: “isika” ni sisi pamoja nawe unayeambiwa, na “izahay” ni sisi bila wewe. Kimalagasi hakikupata utajiri huo Afrika; kilikuja nao kutoka upande wa Borneo, na ndugu zake wa kule bado wanao. Kiindonesia kina “kita” kwa wote pamoja na msikilizaji na “kami” kwa wote isipokuwa msikilizaji. Huko Papua New Guinea, lugha ya Tok Pisin ilikopa maneno mengi ya Kiingereza, lakini “we” haikuwatosha, wakaunda “yumi”, yaani wewe na mimi, na “mipela”, yaani mimi na wenzangu. Tofauti hii iliandikwa katika sarufi mapema sana: mwaka 1560 padri Mhispania Domingo de Santo Tomás aliieleza katika kitabu chake kuhusu Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Andes. Laiti barua ya mzee ingeandikwa kwa lugha mojawapo kati ya hizo, swali la uzio lisingezuka.

Kiingereza chenyewe hakikuwa fukara hivi tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, kulikuwa na “we” kwa watu wengi na neno jingine, “wit”, kwa watu wawili tu, mimi na mwenzangu. Neno hilo la wawili lilififia na kufikia karne ya 13 lilikuwa limekaribia kutoweka. Tofauti nyingine, ile ya kumhesabu au kumwacha nje msikilizaji, imejitokeza mahali pasipotarajiwa, kwenye amri ya kualika. Mwingereza akisema “let’s go”, kwa kifupi, wewe unayeambiwa umo katika safari. Akisema “let us go” kwa kulitamka kila neno, anaweza kuwa anakuomba umfungulie mlango aondoke na wenzake, nawe ubaki. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kifupi na kirefu ni kitu kimoja anadanganywa kidogo.

Kiswahili nacho hakina maneno mawili ya “sisi”, lakini kina hila zake ambazo wasemaji huzitumia bila kuzifikiria. Ukiwa na mtu mmoja utamwambia “twende”. Ukiwa na watu wawili au zaidi unaowaambia unaweza kusema “twendeni”, na ile “-ni” ya mwisho haihesabu watu wote wanaokwenda bali inawahesabu wale unaowaambia. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa ndani ya neno moja tumewatenga wazi mimi ninayesema na ninyi mnaoambiwa, kisha tukawafunga pamoja kwa “tu-”. Kiingereza hakina njia fupi ya kufanya hivyo. Kwa upande mwingine, tuna mtego wetu wenyewe. Mtu akisema “jana tulikwenda Masasi na Asha”, kwa masikio ya mgeni safari hiyo ilikuwa na watu wasiopungua watatu, yaani “sisi”, tena Asha. Kwetu mara nyingi maana yake ni watu wawili tu, mimi na Asha, kwa sababu “tu-” imekwisha kummeza Asha kabla hajatajwa. Kijana anayeigeuza sentensi hiyo kuwa “we went to Masasi with Asha” amemwongezea msikilizaji wa Kiingereza abiria mmoja ambaye hakuwamo garini.

Kuhusu maumbo ya neno sina mengi. Kiingereza hubadilisha sura kufuatana na kazi: “we” anapotenda, “us” anapotendwa, “our” na “ours” kwa kumiliki, “ourselves” kwa kujirejelea. Kiswahili hushika “tu-” kwa mtenda na mtendwa, na “-etu” kwa kumiliki. La kuzingatia ni kwamba Kiingereza kinalazimika kutaja “we” kila sentensi, ilhali sisi tunalitaja neno “sisi” pale tu tunapotaka kulitilia mkazo. “Tulifika” ni habari. “Sisi tulifika” ni habari yenye kidole kinachomwonyesha aliyechelewa. Tafsiri zinazoanza kila sentensi kwa “sisi” huwa zina harufu ya ugomvi ambao mwandishi wa Kiingereza hakuukusudia.

Baada ya hapo tunaingia katika matumizi ambayo yanaacha kabisa hesabu ya watu. La kwanza ni “we” ya mfalme. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 imeandikwa kwa Kilatini, na ndani yake mfalme John, mtu mmoja mwenye taji moja, anasema kwamba “tumeridhia” na “tumethibitisha”, kwa niaba “yetu na ya warithi wetu”. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika hati za wafalme wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 12. Mfalme alikuwa akisema kama mtu na kama kiti anachokikalia, na kiti hakifi. Malkia Victoria anasimuliwa kila mahali kwamba aliwahi kusema “we are not amused”, yaani hatukufurahishwa, ingawa hakuna ushahidi thabiti kwamba aliyatamka maneno hayo. Aliye na ushahidi ni waziri mkuu Margaret Thatcher, ambaye tarehe 3 Machi 1989 aliwaambia waandishi wa habari “we have become a grandmother” baada ya mwanawe kupata mtoto. Waingereza walicheka na wengine wakakasirika, wakisema mama huyu sasa amejiona malkia.

Mfano huo una funzo zuri kwa mfasiri. Bibi yeyote wa Chikongola au wa Mingoyo akisimama uani kwake na kusema “tumepata mjukuu”, hakuna atakayemshangaa. Kwetu mjukuu ni wa ukoo, na bibi akisema peke yake kuwa ni wake ndipo watu watakapoinua nyusi. Kichekesho cha Thatcher kinategemea mgongano wa “we” na “a grandmother”, wengi waliokuwa bibi mmoja, na mgongano huo haupo tukifasiri kwa Kiswahili cha kawaida. Ili msomaji acheke inabidi tuseme kitu kilichopinda, kama “tumekuwa bibi”, na hapo atacheka Kiswahili chetu kabla hajamfikia Thatcher.

Wasomaji wa pwani hii wanaufahamu wingi wa utukufu kwa njia nyingine, pengine kabla hawajajua jina la mfalme yeyote wa Ulaya. Katika tafsiri za Qurani, Mwenyezi Mungu anasema, “Hakika Sisi tumeiteremsha katika usiku wa Lailatul Kadri”, na kila mtoto wa madrasa anajua kwamba Sisi hiyo ni ya utukufu wala haihesabu. Katika kitabu cha Mwanzo kuna “Na tumfanye mtu kwa mfano wetu”, na hapo wafasiri wa Kikristo wameachana njia tangu zamani, baadhi wakiona Utatu, baadhi wakiona Mungu akisema mbele ya baraza la mbinguni, baadhi wakiona wingi wa utukufu. Ugomvi mzima umesimama juu ya silabi moja, “tu-”.

Hapa nitoke njiani kidogo. Katika lugha zetu za kusini, kama Kiyao na Kimakonde, heshima nayo huonyeshwa kwa wingi, ila inatoka upande wa pili. Mkubwa mmoja huambiwa au hutajwa kana kwamba ni wengi, na mazoea hayo yameingia hata katika Kiswahili chetu, kiasi kwamba utamsikia mtoto akisema “babu wamelala” na ndani yuko babu mmoja tu. Mfalme wa Uingereza alijitwalia wingi kwa kinywa chake mwenyewe. Mzee wa Newala anapewa wingi na watoto wake, naye akijitaja hubaki “mimi”. Nikiulizwa ni desturi ipi iliyo na adabu zaidi, jibu langu litakuwa na upendeleo, kwa hiyo nisiulizwe.

Tukirudi kwenye Kiingereza, wafalme walifuatiwa na wahariri wa magazeti, ambao huandika “we believe” wakimaanisha gazeti, hata kama aliyeandika ni mtu mmoja aliyekunywa kahawa peke yake usiku. Kuna mzaha wa zamani wa Kimarekani, uliokwisha kubandikwa majina ya watu mbalimbali, kwamba wanaoruhusiwa kujiita “we” ni wafalme, wahariri na watu wenye tegu tumboni. Wanasayansi hawakutajwa katika mzaha huo, nao ndio watumiaji wakubwa. Mwandishi wa makala ya kitaalamu huandika “we see that” akimkaribisha msomaji aone pamoja naye, jambo ambalo nalihesabu kuwa tumizi zuri la neno hili, au huandika “we measured” akimaanisha kundi la watafiti. Tatizo huja mtafiti akiwa peke yake. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alimaliza kuchapa kwa taipureta makala yenye jina lake tu, akiwa ametumia “we” mwanzo hadi mwisho. Mwenzake akamtahadharisha kwamba jarida alilokusudia kulipelekea halipendi “we” ya mtu mmoja. Kuchapa upya kurasa zote kulikuwa kazi nzito, kwa hiyo akaongeza jina la mwandishi wa pili, F. D. C. Willard. Makala ikatoka katika Physical Review Letters mwaka huohuo, na baadaye ikajulikana kwamba Willard alikuwa paka wake, ambaye nyumbani aliitwa Chester. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba “we” inadai mtu wa pili, yeyote yule, ili mradi awepo.

Kuna pia “we” ya hospitali, ambayo haimhusu kabisa anayesema. “How are we today?” ni maneno ya muuguzi kwa mgonjwa, na muuguzi hana homa. Sisi nasi tunayo: “tunaendeleaje leo?”, “dawa tumekunywa?” Ina upole kwa mtoto, lakini mtu mzima aliyelala kitandani anaweza kuisikia kama anafanywa mtoto. Ni “wewe” iliyovalishwa nguo ya “sisi”.

Kinyume chake ni “sisi” ya mtu mmoja anayejishusha. Hapa Kiswahili kina shamba pana kuliko Kiingereza, na hapa ndipo wanafunzi wetu wanapojikwaa wanapoandika lugha ile. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu “tunamshukuru Mungu”, hata kama anaishi peke yake. Anayesukuma toroli sokoni hupaza sauti “tupisheni jamani!”, na toroli ni lake na yeye ni mmoja. Msomaji wa dua aliye peke yake kwenye jamvi anasoma “Wewe tu tunakuabudu”, na Mkristo aliyejifungia chumbani anasema “Baba yetu”. Waingereza wana kitu kinachokaribiana na toroli katika “give us a hand”, ambapo mtu mmoja huomba msaada kwa “us”, lakini huo ni usemi wa mtaani, hauandikwi katika barua rasmi.

Zaidi ya yote kuna “kwetu”. Kijana akisema “naenda kwetu Nachingwea” anamaanisha alikozaliwa, kwa wazazi na ukoo wake. Akisema “naenda kwangu” anamaanisha nyumba aliyoijenga au chumba alichopanga. Tofauti hiyo haina uhusiano na idadi ya watu waliomo ndani. Kwa sababu hiyo “mama yetu” anayetajwa na mtoto wa pekee si uongo wala kosa. Lakini mwanafunzi akihamisha jambo hilo neno kwa neno na kuandika “our mother” katika barua ya kuomba nafasi ya masomo, msomaji wa Kiingereza ataanza kuwatafuta ndugu zake katika aya inayofuata.

Matumizi makubwa kuliko yote ni ya siasa na sheria, na huku ndiko gharama ya kutotaja watu inakopanda. Katiba ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 17 Septemba 1787 inaanza kwa “We the People”, sisi wananchi. Watumwa hawakuhesabiwa humo kama wananchi, na wanawake hawakuwa na sauti katika kuiandika. Tarehe 25 Julai 1974 mbunge wa Texas, Barbara Jordan, mwanamke mweusi, alisema mbele ya kamati iliyokuwa ikijadili kumshtaki Rais Nixon kwamba hati ile ilipokamilika yeye hakuwamo katika “We the People”, na kwamba ilichukua marekebisho, tafsiri na maamuzi ya mahakama hadi akaingizwa. Neno halikubadilishwa hata herufi moja kwa miaka yote hiyo. Waliobadilika ni waliomo ndani yake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945 nao unaanza kwa “We the peoples”, sisi watu wa mataifa. Siku hiyo watu wa Lindi na Mtwara walikuwa chini ya Uingereza, katika nchi ambayo haikuwa na kiti. Tanganyika iliingia katika umoja huo tarehe 14 Desemba 1961, siku tano baada ya uhuru. Katiba yetu ya mwaka 1977 ilifuata nyayo hizo, kwa maneno “Kwa kuwa Sisi, Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania”, na tuangalie kwamba baada ya “Sisi” imewekwa koma na wahusika wametajwa. Huo ni uandishi mwangalifu. “Sisi” yenye maelezo nyuma yake haina utata wa “sisi” iliyoachwa uchi.

Mkoa wa Mtwara uliwahi kuona jinsi “yetu” isiyofafanuliwa inavyoweza kugawa watu. Mwaka 2012 na 2013, mpango wa bomba la kusafirisha gesi kutoka huku hadi Dar es Salaam ulipopingwa, maneno “gesi yetu” yalikuwa katika kila kinywa. Waliopinga waliyatamka wakimaanisha watu wa kusini, wenye ardhi na bahari inakochimbwa. Serikali nayo iliyatamka ikimaanisha Watanzania wote, kwa hoja kwamba rasilimali ni ya taifa. Pande mbili zikabishana kwa ukali kwa kutumia neno lilelile, na kila upande ukiamini kwamba mwingine anapotosha maana yake. Yalikuwapo mengi mengine katika mgogoro ule, ya ajira, ya ahadi na ya viwanda, wala sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyowasha moto. Lakini laiti mtu angeuliza mapema “yetu ya nani?”, angalau mabishano yangeanzia mahali pake.

Michezo inatuonyesha kwamba mipaka ya “we” huhama hata ndani ya mtu mmoja kwa siku moja. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walipigiwa simu na kuulizwa matokeo ya timu ya chuo chao. Walioeleza mechi ya ushindi walielekea zaidi kusema “we won”. Walioeleza kipigo walielekea kuitaja timu kwa “they”. Mwelekeo huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wale ambao muda mfupi kabla walikuwa wameambiwa kwamba wamefanya vibaya katika jaribio. Yeyote aliyekaa na mashabiki wa Namungo au Ndanda jioni ya Jumapili hahitaji kusafiri hadi Marekani kuthibitisha: “tumewafunga” ni ya wote, “wamefungwa tena hawa” ni ya wachezaji.

Tangu miaka ya 1970 kumekuwa na harakati, hasa Uingereza na Marekani, za kutaka mikataba iandikwe kwa lugha nyepesi, na kampuni nyingi za bima na benki zikaacha kujiita kwa majina marefu ya kisheria zikaanza kujiita “we” na kumwita mteja “you”. Nia ilikuwa njema na mikataba ilisomeka vizuri zaidi. Walio makini huweka mwanzoni kifungu kinachosema kwamba katika hati hii “we” ni kampuni fulani na si mwingine, na kuanzia hapo neno linakuwa kama jina la mtu. Wasio makini huchukua upole wa “we” bila kifungu chake, na matokeo ni barua kama ile ya Mikindani.

Nilimrudisha mzee kwenye ukurasa wa pili, nikitumaini kwamba gharama za uzio zimeelezwa. Zilikuwa zimeelezwa kwa maneno “at our cost”, kwa gharama zetu, na mzee alipoyasikia alicheka hadi akakohoa. Tukakubaliana, mimi naye, kwamba nisifasiri kitu ambacho mwandishi mwenyewe hakukiamua. Tuliandika barua fupi kwa lugha mbili, bila “we” wala “sisi” hata moja, tukiuliza ni nani kati ya mwenye shamba na kampuni atakayenunua nguzo na waya, ni nani atakayelipa vibarua, na uzio ni wa nani mkataba ukiisha. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kampuni ingenunua vifaa na kulipa vibarua, mwenye shamba angeacha njia ya upana wa mita tatu upande wa barabara, na uzio ungebaki wake baada ya miaka mitano. Mjukuu aliisoma mara moja tu, na safari hii babu yake hakuuliza kitu isipokuwa kalamu iko wapi.